Vidole Viwili

Saa nne asubuhi, Oulu, Desemba, jua bado halijaamua.
Nimetoka kulima theluji usiku kucha,
kutoka bandarini hadi kiwanda cha karatasi,
na buti zangu zinadondosha maji kwenye sakafu ya duka.
Eerika ameyaweka maboksi mawili mezani, mbalimbali,
kama mama anayetenganisha mapacha waliogombana.

Moja jeusi, jingine jekundu.
Kadi zenyewe nzito kama tofali,
feni tatu tatu,
bei za kumtoa mtu jasho penye barafu.
Miezi kumi na minne nimeweka akiba ya ovataimu,
nikala supu ya njegere hata siku zisizo Alhamisi,
na leo natakiwa kusema: hii, au ile.

Nyeusi, anasema Eerika, inaujua mwanga.
Hufuata kila mshale wa jua
unaopiga dimbwi, ukaruka, ukagusa tumbo la daraja.
Nyekundu ina kifua:
gigabaiti ishirini na nne,
fremu mia na arobaini kwa sekunde, zinamiminika,
na mfukoni utabakiwa na yuro mia mbili na tisini.
"Ila inakula umeme. Inapumua moto."
Moto, nikamwambia, kwangu si kasoro.
Sebuleni kwangu Desemba maziwa hayadai friji.

Nilimpigia Pentti, Rovaniemi.
Nyekundu, akasema, kabla sijamaliza swali.
Nikampigia dada yangu Sirkka,
akaniuliza kama lile jino nimeshaling'oa.

Mshika mawili moja humponyoka, ndivyo wasemavyo.
Mimi sijashika hata moja
na tayari naiomboleza ile nitakayoiacha.

"Kwani unacheza gemu gani?"
Nikaona haya. Nyuma yangu vijana watatu,
watu wa mabunduki, wa kuruka maghorofa.
Naendesha lori, nikasema.
Akazitazama buti, akalitazama koti la kazi na milia yake ing'aayo.
"Usiku greda, mchana lori?"
Lori la Juni. Huko ni Juni siku zote.

Hakucheka.
Akawasha mashine mbili za majaribio, akaniachia usukani.
Kwenye nyekundu barabara iliteleza kama siagi kwenye kikaango,
kona baada ya kona, bila kukwaa, bila kusita.
Nikajikuta natabasamu, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho.
Kwenye nyeusi, kilomita ya tatu, nikapaki kando.
Nikazima injini.
Mzee amekwama, wakanong'ona wale vijana.
Sikukwama. Palikuwa na nyasi.
Na chini ya kila jani kivuli chake,
si ile rangi ya kijani ya kadi yangu kuukuu,
iliyopakwa bapa kama ukuta wa zahanati,
bali kivuli, chembamba, kikitikisika
kila upepo wa uongo ulipopita.

Nje ya dirisha jua lilichungulia,
likaona theluji, likarudi kulala.

Nikalipia nyeusi.

Nyumbani kasha la kompyuta likaikataa.
Vidole viwili, basi. Vidole viwili vya chuma kilichozidi.
Nikalitoa kasha barazani, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
nikakereza kishikizo kwa msumeno,
jirani yangu Helvi akigonga ukuta kwa mpini wa ufagio,
na chenga za chuma zikiangukia theluji kama pilipili manga.

Sasa inafanya kazi. Kimya. Na baridi,
haipashi joto hata unyayo.
Nimevaa soksi mbili mbili, blanketi magotini,
lori limesimama kando ya malisho,
nyasi zinainama, zinainuka.

Na simu iko mkononi, naangalia bei ya ile nyekundu.
Imeshuka yuro arobaini.