Taa Nyekundu

Newala, msimu wa malipo ya korosho,
simu yangu haijui usiku.
Kitangari wanataka spika nne na jenereta,
Mahuta wanamtoa mwali Jumamosi,
Mkwiti ni harusi: bwana harusi kalipa nusu,
nusu, anasema, iko kwenye mnada ujao.
Naandika. Daftari la oda limejaa hadi jalada,
sasa nimehamia kiganjani,
na wino unaelea kwenye jasho.

Jina nililipaka mwenyewe kwenye maboksi:
KUMEKUCHA MUZIKI.
Nilidhani ni jina. Kumbe ni hukumu.
Wiki ya sita hii alfajiri hainikuti kitandani;
tunakutana njiani, mimi juu ya guta
nimekumbatia besi kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali,
na sijui kati yetu nani anaugua.

Nilianza kuuchukia muziki kimyakimya,
kama unavyomchukia mgeni huku unamkaribisha chai.
Wimbo ukinoga, akina mama wakirusha vitenge juu,
mimi nahesabu lita za mafuta.

Jumamosi ile, Mahuta, amplifaya ikakata.
Uwanja mzima ukapiga yowe. Nikaitandika kofi.
Likwachala, fundi wangu, akanidaka mkono:
"Iache. Haijafa hiyo. Imechemka, inajilinda.
Si unaona taa nyekundu? Ikipoa itarudi yenyewe."
Kisha akanitazama, muda mrefu kuliko kawaida.
"Na macho yako, bosi, yana rangi hiyohiyo."
Nikacheka.
Nikaazima kanga ya mtu, nikaanza kuipepea mashine.

Ndipo simu ikatetemeka. Somoe,
mke wangu, asiyependa maneno mengi:
"Mwanao katoka likumbini. Kakuulizia."
Leo?
Nikafungua kiganja, nikaitafuta tarehe.
Ilikuwepo, chini ya Mkwiti, jasho limeila nusu.
Wana wa tarafa tatu nimewapigia muziki
siku waliyorudi kwao na nguo mpya;
wangu ameingia uani kwa vigelegele vitupu,
mtoto wa mwenye spika kumi na mbili.

Sikuacha kazi, nisikudanganye.
Deni la jenereta bado tunakula nalo sahani moja.
Ila mlangoni nimeandika kwa chaki:
JUMATATU NA JUMANNE KUMELALA.
Wapo waliocheka. Wapo waliohamia kwa Mnyambe,
mwenye spika mpya na macho mekundu kunishinda.
Simu ya oda anashika Likwachala,
yeye "hapana" humtoka kirahisi;
mimi hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Leo Jumatatu kaja mtu na fedha taslimu,
mara mbili ya bei, anazipunga kama feni.
Siwezi kusema sikuzitamani.
Nyuma yangu, sakafuni, mwanangu anakunja nyaya,
taratibu, duara juu ya duara,
kama nilivyomfundisha wiki iliyopita
katika ukimya ambao mwanzoni ulinitisha.
Nikamwita aniletee kiti.
Hakuitika.
Nikakumbuka: nimemwita kwa jina la utotoni.
Nikavuta pumzi, nikalitamka lile jipya,
alilotoka nalo likumbini siku nisiyokuwepo,
polepole, nisilikosee.
Akageuka.

Mgeni bado yuko mlangoni,
anazihesabu noti zake upya.