Huko

Kolkata ina neno moja kwa kila kisichotakiwa:
huko. Kitupe huko. Kipeleke huko.
Mimi, Nirapada Naskar, bawabu wa maji,
nilizaliwa Huko, nikaoa Huko.
Huko kuna duka la chumvi na mabwawa kumi na moja
yaliyolala chali, yakitazamana na jua.

Alfajiri mfereji unauleta mji wote, umelegea:
maji meusi, mazito kama uji uliosahauliwa mekoni,
yaliyopita matumboni mwa watu wasionijua.
Nafungua lango upana wa kiganja. Sizidishi.
Baba alisema: bwawa hulishwa, halishindiliwi.
Kisha sifanyi kitu. Hiyo ndiyo kazi, na ni ngumu,
kukaa ukingoni na kutofanya kitu
jua likipiga kibarua bila mkataba.
Siku ya tatu maji yanaota ukijani.
Siku ya kumi na mbili unauona mguu wako
na samaki wadogo wakikudonoa kucha.

Saa tisa za usiku Shefali, mke wa mwanangu,
anawapakia kwenye sufuria za alumini, wangali hai,
akiyapigapiga maji kwa kiganja wasizimie njiani.
Na mji unanunua ulichokitoa,
unalalamikia bei.

Lakini bwawa lina tumbo, halina meno.
Muulize wavu wa chuma wa lango langu.
Kwa wavu huu naijua kalenda kuliko kuhani:
maua ya njano, ni harusi za Falgun;
majani makavu na rangi, sanamu zimezamishwa;
maboksi ya simu, bonasi zimetoka.
Mwaka wa barakoa, zilikuja barakoa.
Na kila siku, iwe sikukuu iwe msiba,
pakiti za shampuu za rupia moja.
Nilizihesabu mara moja: mia nne na sita,
nikaacha, chai ilikuwa inapoa.

Alikuja kijana wa kampuni, viatu vya ngozi, akauliza
bwawa linazalisha nini.
Samaki, nikasema. Akaandika samaki.
Na kingine?
Nikalikumbuka bwawa la kina Gayen, lililofukiwa kwa kifusi
pakajengwa nyumba za ghorofa. Mvua za Ashar zilizofuata
ziliingia bila hodi, zikapanda ngazi kama mpangaji mpya,
watu wakalala juu ya meza zao za kulia.
Hilo lina safu gani kwenye karatasi yake?
Nikasema: kulala pakavu.
Akacheka kwa adabu.
Chini ya samaki hakuongeza kitu.

Hatujawahi kupeleka ankara. Nani aiandike?
Jua halikusoma, ukijani hauna akaunti.
Dawa ya deni ni kulipa, sawa,
ila deni lisiloandikwa huitwa zawadi,
na zawadi ikizoeleka
huitwa jalala.

Jana ukingoni, si wavuni, niliokota pakiti ya zambarau.
Haikuletwa na mfereji.
Ni ile Shefali aliyoinunua Jumamosi
kumwosha nywele mwanawe, Tuktuki.
Nikaiweka kiganjani muda mrefu
kama mtu aliyekuta jina lake
kwenye orodha ya wadaiwa.
Mtoto akanyoosha mkono:
"Babu, nipe. Nikaitupe wapi?"

Nikainua kidole nimwonyeshe huko.
Kaskazini bwawa. Kusini bwawa.
Mashariki koliflawa za watu.
Magharibi mji, ukiwasha taa zake.
Kidole kikazunguka, kikazunguka,
kikarudi mfukoni pamoja na pakiti.

Imo mpaka sasa.
Inanukia yasmini.