Eneo la Kijivu

Kuanzia tisini na mbili, mashine inaunganisha yenyewe.
Chini ya arobaini inatupa, haimwulizi mtu.
Zinazobaki katikati huletwa kwangu,
chumba cha tatu, ghorofa ya pili, Rezekne,
penye kipasha joto kinachokohoa tangu Oktoba.
Kazi yangu ni kutazama majina mawili
na kusema: ni mtu mmoja, au si mmoja.

Grebņova M., daftari la pensheni.
Grebnova M., daftari la hospitali.
Hapa n imepoteza kijimkia chake;
karani wa zamani hakuwa na kitufe hicho.
Tarehe ileile, kumi na moja Februari, thelathini na tisa.
Kijiji kilekile. Nyumba ileile.
Alama: sabini na moja.
Ilikuwa Ijumaa, saa kumi kasorobo.
Nilibonyeza ndiyo
nikaenda kuosha kikombe.

Sikuona kwamba daftari la hospitali
lilikwisha kushikana na lile la makaburi.
Jumatatu pensheni ikakatika.
Kwa mujibu wa sheria bibi alikuwa marehemu,
naye yuko uani anachanja kuni.

Alikuja na basi la saa mbili asubuhi,
kitambaa cha kichwa kimebanwa kwa pini chini ya kidevu,
akaweka pasipoti mbili mezani.
"Huyu Marfa, ndiye mimi. Huyu Marija.
Tulipishana kwa robo saa.
Mama alituchanganya.
Mwalimu alimchapa mmoja kwa kosa la mwenzake.
Miaka themanini na mitano nasema mimi si yeye.
Sasa nimemzika, na wewe bado unanikosea?"

Nikatazama picha. Shilingi kwa ya pili.
Sikuwa na jibu, nikachapa karatasi
apitie mwenyewe, mstari kwa mstari,
lipi lake, lipi la aliyekwenda.
Nyonga, 2009: yangu.
Moyo: wake.
Mzio wa penisilini: wake,
alivimba uso, kwa mara ya kwanza watu wakatutofautisha.
Kisha kalamu ikasimama.

Uzazi: mmoja. Mtoto wa kiume. Jekabpils, 1961.

"Mimi sikuzaa," alisema.
Akasema tena, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji akakuta imezidi.
Mwaka ule Marija alikwenda kiwanda cha sukari,
akarudi theluji inayeyuka, amekonda,
akalaumu chakula cha bweni.
Wakalala kitanda kimoja hadi uzee,
wakachangia sabuni na jozi moja ya viatu vya kanisani.
Siri ya mtungi aijuaye ni kata,
naye miaka yote alijidhani kata.

Nikawatenganisha. Mfumo ukadai sababu:
kosa la uchapaji, udanganyifu, nyinginezo.
Pacha haimo.
Nikamwambia pensheni itarudi ndani ya siku thelathini.
Hakuwa akisikiliza. Aliikunja karatasi mara nne,
akaisukuma ndani ya blauzi.
Kanuni yasema irudi kwangu ichanwe.
Sikuiomba.

Mlangoni akageuka.
"Huyo mtoto naye ana namba?"
Nikasema sijui. Nikasema sheria hairuhusu.
La pili lilikuwa kweli.

Jioni, mashine iliyobakiwa na uzazi usio na mtoto
ikautafutia mwenzake, ikaniletea.
Gunvaldis, mchomeleaji mstaafu, Liepaja,
alilelewa na watu wengine.
Mama mzazi: Grebnova M.
Alama: sitini na nne.

Basi la mwisho la kijijini lilikuwa limeondoka.
Ndiyo. Hapana.
Kipasha joto kilikohoa,
nami nikasogeza uso karibu na skrini
kuitazama ile n,
kama kile ni kijimkia au ni vumbi tu kwenye kioo.