Shimo la Kumi na Tisa

Kirwa hateremki kwenye trekta.
Anageuza shingo, anashusha wenzo,
na keekee inazama ikizunguka
kama mkono unaotafuta sarafu mfukoni.

Mwaka jana, kwa mtaimbo, nilichimba mashimo manne,
wiki nzima, na bega hili halijasahau.
Leo ni shilingi mia na hamsini kwa shimo;
saa tatu haijafika, tuko la kumi na nane,
nguzo za mkaratusi zimelala zikingoja.

Udongo unapanda: mweusi, kisha wa kahawia,
kisha jivu la Menengai,
jepesi, lisilowahi kuona jembe.

La kumi na tisa, chuma kinapiga yowe.
Pini imekatika.
Shemeji Gathogo, ng'ambo ya kamba, anacheka:
"Mama Njambi, ardhi yenyewe imekataa mpaka!"

Simjibu. Napiga magoti,
naingiza mkono hadi begani.
Kuna joto. Kuna kitu kilaini, chenye makali:
kioo cheusi cha mlimani,
kimekwisha nichana kidole.

Nakifunga kwenye leso pamoja na damu yangu.
Kirwa anatia pini nyingine, ananitazama.
"Sogea hatua moja," namwambia.
"Wapi, mama?"
"Upande wa Gathogo."