Shuka

Saa moja na nusu asubuhi honi inalia mara moja
na kipaza sauti kinakoroma: abiria wote, shuka.
Sisi wa ndoo, tuliojipanga gatini, tunatazamana.
Kwetu neno hilo ni hesabu:
shuka tisini na mbili, foronya tisini na mbili,
na kabla ya saa kumi na moja jioni
zote ziwe zimenyooka kama hazijawahi kulaliwa na mtu.

Wanashuka. Mikungu ya ndizi inatangulia
mabegani mwa wapagazi, kisha kahawa, kisha maharage,
kisha jogoo ndani ya tenga, na hasira zake za usiku mzima toka Bukoba.
Makongoti wenye vipara wamesimama juu ya paa la ghala
kama maofisa wa forodha wasiolipwa mshahara.

Halafu meli inakuwa yetu.
Wadudu wa ziwa wamekufa kwa maelfu chini ya taa za sitaha,
nawazoa kwa koleo kama pumba.
Chini, Masalu wa mitambo anaitukana pampu kwa Kisukuma,
ananyamaza,
anaiomba radhi.
Daraja la pili: maganda ya karanga. Senene kwenye karatasi ya daftari,
wamebaki wanne, nimekula wawili.
Soksi ya mtoto mchanga. Moja. Huwa ni moja.
Naandika kitabuni: hereni, dhahabu ama mfano wake.

Chumba cha kumi na nne kina mtu.

Mama, tumefika.
Najua.
Hapa Mwanza.
Naiona, akasema, wala hakugeukia dirisha.
Akatoa tiketi mbili, ya kuja na ya kurudi leo leo,
na nyingine mbili za keshokutwa.
Jina: Kokugonza. Muuguzi mstaafu.
«Miaka thelathini na tatu nimekesha wodini.
Sasa nalipa, nikeshewe.
Kule juu kuna mtu ameshika usukani, hasinzii,
na mimi sijui hata jina lake.
Raha iliyoje, mwanangu.»

Akanyanyua miguu nipitishe dekio.
Nikapitisha. Nikapitisha tena pale pale, pakavu,
kisha nikauliza: usiku, huko katikati, kukoje?

Hujawahi?
Miaka tisa, mama. Honi ya jioni hunikuta gatini nasuuza ndoo.
Tisa, akarudia,
kama anayesoma kipimajoto cha mgonjwa asiyemjua.

«Hakuna cha ajabu. Giza.
Halafu taa za wavuvi wa dagaa, nyingi,
unadhani ni mji, unajiuliza
mji mkubwa hivi umesahauliwaje kwenye ramani.
Halafu unasinzia.»

Naye akataka kujua, Kirumba, sato kilo ni shilingi ngapi.
Nilipomtajia alicheka mpaka akakohoa.
Shuka yake hakunipa.
Hii bado ina usingizi, alisema, iache.
Nikaandika tisini na moja.
Msimamizi alipitisha kidole juu ya fremu za vitanda,
akakitazama kidole, akakosa la kusema,
akauliza ya tisini na mbili iko wapi.
Nikamwambia haijashuka.

Jioni wakapanda wengine: magodoro, unga, ndoo za rangi,
kijana na kioo kikubwa kilichobeba kipande cha mawingu.
Nilisuuza ndoo yangu.

Nyumbani ni Isamilo, juu, nyumba imelikalia jabali kama kofia.
Saa tatu usiku nikatoka uani.
Meli ilikuwa inaondoka taratibu, imewaka yote,
nikaanza kuhesabu madirisha toka nyuma.
Nilifika la tisa, umeme ukakatika mtaani,
mtoto wa Nyanzala akaja kuomba kiberiti.
Niliporudi, meli imekwisha geuka,
imenipa mgongo wenye taa moja.

Matone yakaanza kudondoka.
Na shuka yangu mwenyewe, toka juzi, iko kambani.