Pasi

Mimi ni mpiga pasi, Limbani, Wete.
Kanzu za Ijumaa, sare za skuli,
suruali ya karani wa bandari, mstari wake unakata kidole,
zote zimepita chini ya mkono huu.
Basi Mwalimu Asaa aliposoma neno la ubaoni, pasi,
nilisema leo, japo leo, Kiingereza kimenijia nyumbani.

Siyo hiyo, Mize, akasema.

Tulikuwa saba, baada ya Isha, nyuma ya duka la vipuri vya vespa,
taa moja,
na harufu ya makonyo yaliyoanikwa ua wa pili.
Akatwambia: kitendo ni kile kile, angalieni mkia.
Tek, chukua. Tia ofu nyuma yake:
ndege imeruka.
Na viatu umevivua. Neno lilo hilo.
Faki akauliza, sasa ndege inavua nini?
Tukacheka mpaka mwenye duka akagonga ukuta.
Luk, tazama. Luk afta: tazama baada?
La. Lea.
Tan daun: redio, punguza sauti; mposaji, mkatae.
Bikombo, aliyekwisha kukataa wawili,
akainama akaliandika hilo kwa wino mwekundu.

Mimi sikuona ajabu. Na sisi tunapiga:
tunapiga simu, mswaki, hodi, chafya, pasi,
na hakuna anayevilia damu.

Mfunguo Tano, mama alianguka uani, akazimia.
Tulimpepea kwa kawa, akazinduka, akauliza nani kaacha mlango wazi.
Nikaona nimjulishe Haitham, mtoto wa marehemu kaka yangu,
kazaliwa Portsmouth, Kiswahili chake
ni cha salamu na vyakula.
Nikaandika kwa kujiamini: bibi yako, pasi, na mkia.
Auti ni kuzimia.
Awei ni kufa.
Mimi nikachagua uliokuwa laini mdomoni.

Siku ya pili yake Portsmouth wakasoma Yasini,
wakapika biriani ya watu sitini.
Binamu yangu Maskati akafunga duka siku tatu.
Marehemu yuko jikoni, analalamika uji hauna pilipili manga.
Simu ikalia, akaipokea mwenyewe.
Nani kafa?
Wewe, bibi.
Akafikiri kidogo.
Mmepika nini?

Mwezi mzima mtaani sikuitwa Mize.
Niliitwa Awei.
Watoto wakileta sare zao: Bi Awei, mama kasema uzipige vizuri.

Mwaka wa pili, kumi la mwisho la Ramadhani,
daku limeshaliwa, vyombo havijaoshwa,
ikawa kweli.

Nikaishika simu. Mkia naujua, naujua hata usingizini,
na kidole kikakataa.
Nani angeniamini mara ya pili? Lakini si hilo tu.
Neno lile lilishachekwa. Lilikuwa na mikunjo ya kicheko
ambayo hakuna makaa ya kuinyoosha,
na mimi simvishi mama nguo ya mzaha.
Nikaandika kwa lugha yake:
Mama ametutoka.

Na letu pia litazame.
Ametoka: kaenda sokoni, karibu ukae, hakawii.
Tia tu katikati, silabi moja, sisi,
na hakuna tena wa kungojewa.
Wenzetu mkia wameuweka nje, unaning'inia, kila mtu anauona.
Wetu tumeupenyeza ndani ya neno
kama sindano ndani ya pindo,
huijui ipo mpaka upitishe kiganja.

Haitham akajibu baada ya dakika tano,
kwa Kiswahili, alijitahidi mtoto:
Ametoka kaenda wapi, shangazi?