Sampuli Namba Saba

Sheria ya nne ukutani: Usionje kitu chochote.
Nami nimetoka Uvinza,
kwa mama anayepima maji ya chumvi kwa ncha ya ulimi,
akatema, akasema "bado",
akasukuma kuni.

Maabara ya chuo, Kigoma mjini, saa mbili asubuhi.
Koti la kuazima, mikono yake imeishia viwikoni.
Maji yaliyokenekwa ni chupa moja kwa meza nne.
Butoyi ameshika bureti
kama aliyekabidhiwa kichanga cha watu.

"Namba saba," asema Madamu Nzeyimana, "haijulikani."

Haijulikani!
Chembe zake za kijivu,
moshi wa kuni uliogoma kuiacha —
naijua tangu sijaota meno.

Tone moja la nitrati ya fedha
na neli ikageuka maziwa.
Butoyi akapiga kiyowe, meza ya pili wakacheka.
Nikaandika: Mashapo meupe. Kloridi ipo.
Nafasi ya Hitimisho ni mstari mmoja;
mgongo wa mama haukuenea.

Jioni vidole vimeingia weusi.
Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa jivu.
Wapi.
Nikampigia: ni dawa tu, itatoka na ngozi.
Akacheka. "Masizi yangu nayo niliambiwa hivyo hivyo."

Kisha akauliza, "Hiyo chumvi, mliionja?"
Hapana, mama. Ni marufuku.

Kimya. Kuni zikialika kule kwake.

"Sasa mlijuaje?"